Pikapu ya Mzee Makoye Haiwaki

"Piga tena, Otmar!"

Otmar akazungusha ufunguo. Injini ya ile pikapu kuukuu ikakoroma, ikakoroma, isiwake.

"Betri nzima," Mzee Makoye alisema, jasho likimtiririka. "Petroli ipo, nimechungulia mwenyewe. Sasa ugonjwa wake nini, fundi?"

Otmar akashuka, akafungua boneti. Ndani ya nyumba Mektilda, mke wa Cornel mwana wa mzee, alimlilia mama yake, "Mayu wane!" Uchungu ulimshika alfajiri, mtoto amekaa vibaya, na mkunga alishasema apelekwe hospitali Kahama. Kijiji kizima pale Ushetu hakikuwa na gari jingine.

Epifania, binti wa mzee, aliinama kwenye boneti.

"Umekagua plagi?"

"Nimekagua. Hazitoi cheche."

"Kwa nini hazitoi?"

Otmar aliinamia injini. Alijua kwa nini. Mwaka ule wote wa sabini na nne alikuwa akiliua gari hili kwa mikono yake: leo analegeza waya, kesho anaziba mrija wa petroli, ili mzee amwite, akae uani, Epifania amletee chai. Jana jioni, alipopita kusalimia, alichomoa rota, kile kidude kinachogawa umeme kwenye plagi. Sasa kilikuwa mfukoni mwa shati lake. Alipoitwa alikuja akipiga mluzi. Mluzi ulikatika alipofika uani.

"Nipisheni kidogo," alisema. "Mzee, kamtazame mgonjwa. Epifania, niletee maji."

"Maji ya nini? Rejeta imejaa."

Hakuna aliyesogea. Mektilda akalia tena, ila safari hii sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayesinzia. Hiyo ndiyo iliyomvunja Otmar. Akatia mkono mfukoni, akaitoa rota mbele ya macho ya wote, akafungua kifuniko cha distributa na kuichomeka.

"Hicho umekitoa wapi?" Epifania aliuliza polepole.

"Mfukoni."

"Kimefikaje mfukoni?"

"Nilikichomoa jana. Na mara zile zote gari lilipokufa, ni mimi. Nilitaka kukuona."

Cornel, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimrukia akamkwida shati. "Mke wangu anakufa, wewe unachumbia!"

"Mwache aendeshe," Epifania alisema. "Ya kwake tutayamaliza baadaye."

Gari likawaka mara moja. Njia nzima hakuna aliyemsemesha. Kule Kahama daktari alimpasua Mektilda, mtoto akatoka hai na mama akapona. Otmar alizipata habari akiwa nje ya ukuta wa hospitali. Alilia, asithubutu kuingia.

Aliporudi Ushetu akafunga karakana yake, akajifungia ndani. Epifania akamfuata.

"Unajificha?"

"Naona aibu."

"Ungekuja ukasema unanitaka, ningekukataa?"

"Mimi na overoli la grisi? Baba yako mtu mwenye mashamba ya tumbaku."

"Ile chai, ulidhani nalipelekea gari?"

Otmar akafuta viganja kwenye overoli.

"Mimi nimekusamehe," Epifania alisema. "Ila uliyemkosea si mimi. Nenda kwa Mektilda."

Mektilda alikuwa amesharudi nyumbani; Otmar alimkuta mkekani, ananyonyesha. Akapiga magoti.

"Dada, nisamehe. Sikujua kama unaumwa."

"Jana yake hukujua. Asubuhi ile ulijua. Nilikusikia kupitia dirishani ukimtuma Epifania maji."

"Nilitaka nirudishe rota bila kuonekana."

"Mimi nakufa, wewe unatafuta pa kujificha."

"Ndiyo, dada."

Mektilda akamhamishia mtoto titi la pili.

"Lete wazee wako kwa baba. Sitakuzuia. Ila usinitake nicheke nawe."

Wazee walikwenda. Mzee Makoye aliwafokea kutwa nzima, kisha akakubali, na baada ya mavuno ya tumbaku ndoa ikafungwa kanisani. Epifania alicheka siku ile mpaka akapaliwa. Mektilda naye alicheza na wenzake, mtoto mgongoni, na kila alipopita mbele ya maharusi, Otmar aliinama akatazama viatu vyake.

"Inua uso, mume wangu," Epifania alimnong'oneza. "Watu wanatutazama."

"Nitainua," alisema Otmar. "Ngoja kwanza apite."