Mkwe Wangu Alinifungia Klachi Iliyochoka

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, mjane, mkaazi wa Shituru hapa Likasi. Nauza mandazi karibu na njia ya reli. Jioni nikifunga biashara miguu imevimba, na hata hamu ya kula sina. Sikuwa hivi! Zamani nilikuwa mama mwenye motoka. Nimechoka kulibeba jambo hili moyoni peke yangu, ndiyo maana nawasimulia.

Marehemu mume wangu alifanya kazi kiwandani miaka mingi, kwenye matangi ya asidi, mpaka kifua kikamharibikia. Kampuni ilipomlipa haki zake za mwisho alinunua kamioneti, gari dogo la mizigo, kuukuu ya rangi ya kijani. Alikuwa mtu wa mzaha hata akiwa kitandani. Aliniambia kwamba akishakwenda, kamioneti ndiyo itakuwa mume wangu, na kwamba huyu wa pili angalau hatakoroma. Nilicheka huku nalia.

Na kweli, alipokufa, ile kamioneti ndiyo ilitulisha. Dereva alikuwa Papa Kazadi, mzee mstaafu, rafiki wa mume wangu. Alikuwa akienda vijijini kuchukua makala, yaani makaa ya kupikia, na unga wa mahindi, nami nauza sokoni. Bila kamioneti sikuwa na kitu kingine chochote. Kumbukeni hilo.

Binti yangu mkubwa, Mwape, aliolewa na Ilunga, fundi wa magari, wakakaa Kamatanda. Hapa lazima niwaeleze mila yetu. Kwetu, mama mkwe na mkwe wa kiume wanaheshimiana kwa woga. Hatuketi pamoja, hatutazamani usoni, hatusemezani. Ilunga akija kwangu, mimi naingia jikoni. Nikiwa na neno kwake, Mwape ndiye anayelipeleka, na jibu linarudi kupitia kwa Mwape.

Hali hiyo haidumu milele. Siku moja ukoo wa mke unapika chakula kikubwa cha kumwingiza mkwe nyumbani... kuku, samaki, kila kitu, wanawake wanabeba vyungu wakiimba. Akishakula, woga unaisha, anakuwa mtoto wa nyumba na mnaongea. Mimi nilikuwa bado sijampikia Ilunga. Mwape alikuwa na mimba ya kwanza, nikasema tungoje mtoto azaliwe tufanye furaha mbili kwa mpigo.

Sasa sikieni mkosi ulivyoanza.

Papa Kazadi alianza kulalamika kwamba kwenye mlima injini inapiga kelele nyingi lakini gari haliendi. Halafu ikaja ile harufu... harufu ya kitu kilichoungua, inakuingia puani inakataa kutoka! Akasema ni klachi, ambreyaji kama tunavyoiita hapa. Magunia yale yote, tope lile lote, milima ile yote, ingeacha kuchoka vipi?

Ilunga akaja kuifungua uani kwangu. Mimi nikajifungia jikoni. Mwape akaniletea diski, ile sahani inayoishika injini ili magurudumu yazunguke. Ilikuwa imelika mpaka vichwa vya misumari ya ribiti vimejitokeza na kung'aa.

Mwape akanieleza maneno ya mumewe. Alisema njia ni tatu. Ya kwanza, kubandua gozi la zamani, lile tabaka la juu linaloshika, na kubandika jingine lililokatwa kwenye breki za lori. Ya pili, kutafuta diski iliyotumika kwenye magari mabovu. Ya tatu, kununua mpya.

"Ilunga anasema ununue mupya, Mama," Mwape aliniambia. "Anasema zile za kubandika zinashika siku kidogo, kisha kwa mulima zinakuachiliya."

Sikilizeni hapo! Alijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema.

Nikaifunga diski ile kwa vitambaa, nikaiweka ndani ya beseni, nikapanda treni hadi Lubumbashi. Duka la vipuri zamani lilikuwa la Mgiriki mmoja, lakini wakati huo serikali ilikuwa imewanyang'anya wageni maduka yao, hilo ikampa mkubwa mmoja wa nchi, na rafu zilikuwa nusu tupu. Muuzaji akanitolea moja ya bei nafuu. Nikaziweka juu ya meza, moja juu ya nyingine, nikaona ile yake ni ndogo kidogo pembeni. Nikaikataa. Akaleta nyingine, upana sawa lakini meno ya katikati hayalingani. Nikaikataa pia.

"Eh, citoyenne, weye uko na magumu!" alisema akicheka, akiniita raia mwenzake kama ilivyokuwa desturi ya siku zile.

Nilimwambia magumu ni ya mlima, si yangu. Mwishowe akaingia nyuma kabisa akatoka na moja ndani ya karatasi yenye mafuta. Upana sawa, meno sawa. Nililipa akiba yangu yote, nikarudi Likasi nimeipakata kama mtoto mchanga. Hakuna mtu aliyeniibia njiani. Mwizi alikuwa nyumbani!

Ilunga akaja kuifunga. Nilimkabidhi Mwape diski zote mbili, mpya na ya zamani, akampelekea. Mimi nikabaki jikoni natwanga sombe, majani ya muhogo. Nilisikia nyundo, nilisikia ametoka akarudi, nikadhani amekwenda kuazima ufunguo. Ningewezaje kuchungulia? Nimsimamie mkwe wangu akiwa amelala chini ya gari? Watu wangesema nini?

Gari likawaka, likaenda vizuri. Hapo nikakumbuka kitu. Nikamwuliza Mwape, ile diski ya zamani iko wapi?

"Aliitupa kule kwa bichuma bibovu," alinijibu. "Eh Mama! Utaomba mukwe wako chuma kya zamani? Atafikiri unamuita mwizi! Miye niliona na macho yangu, alitiya ile mupya."

Nikaona haya. Nikarudi kwenye kinu changu. Mtoto wangu ameona kwa macho yake, ninataka nini tena?

Jumapili iliyofuata Mwape akaniletea kitenge cha waks, kizuri ajabu, chenye maua mekundu. Akasema mkwe wangu amenikumbuka. Wasomaji, nilikivaa kanisani! Nilipita mbele ya akina mama taratibu ili kila mmoja aone. Waliponiuliza nikajisifu kwamba mkwe wa namna hii hapatikani Likasi nzima.

Mvua zikaanza. Siku moja mchana, jirani wa Mwape alikuja kwa baiskeli kutuita. Uchungu umemshika tangu asubuhi, mtoto hatoki, mkunga wa mtaani amesema apelekwe maternite, hospitali ya wazazi, mjini haraka. Papa Kazadi akawasha gari. Nilikuwa nimevaa kile kitenge.

Tulimkuta Mwape hana nguvu. Tukamweka mbele, kati yangu na Papa Kazadi. Ilunga akapanda nyuma, na hata katika hali ile niligeuza shingo yangu nisimtazame. Tukaondoka.

Pale barabara inapoanza kupanda, injini ikanguruma... gari likapunguza mwendo. Papa Kazadi akakanyaga. Kelele ikazidi, gari likasimama. Halafu ile harufu! Ile ile! Nikasema haiwezekani, klachi ni mpya, nimeichagua mwenyewe!

Gari likaanza kurudi nyuma. Nikateremka kwenye tope, na Ilunga alikuwa ameruka chini amesimama tu, mikono kichwani. Hapo mila ikanitoka mwilini. Nilimtazama usoni, mara ya kwanza maishani mwangu, nikapiga kelele: "Sukuma!"

Akasukuma. Miguu yake iliteleza, akaanguka, akainuka, akasukuma tena. Ndugu zangu, nani anaweza kusukuma kamioneti mlimani kwenye tope? Tukaishia kuweka jiwe nyuma ya gurudumu.

Papa Kazadi aliinama, akanusa, akasema diski mpya haifi namna hii, hii ni ya kubandika. Mimi nikaanza kubishana naye pale pale mvuani. Ndipo nikasikia sauti ya mwanangu kutoka ndani ya gari, kati ya uchungu na uchungu.

"Mama... haiko mupya. Tuliiuzisha."

Mwenye taksi-bisi mmoja alikuwa amekosa diski ya aina ile mji mzima, akampa Ilunga bei nzuri. Ilunga akabandika gozi la lori kwenye ile ya zamani, akanirudishia garini. Walidhani itashika mpaka watakaponunua nyingine. Kwa zile pesa walinunua vitu vya mtoto... na kitenge changu. Nilikuwa nimejisifu kanisani kwa klachi yangu mwenyewe!

Sikuwa na nafasi ya kukasirika. Mchuuzi wa makala alipita na baiskeli, akashusha magunia yake yote barabarani akatuazima. Mungu ambariki popote alipo. Tukampandisha Mwape nyuma, mimi namshika kiuno, Ilunga anasukuma, tope mpaka magotini. Njia ambayo gari humaliza kwa muda mfupi tuliikokota mpaka jioni.

Tulipofika, sista wa maternite alimtazama tu akatikisa kichwa. Mtoto alikuwa wa kiume, mkubwa, mzuri. Hakulia. Nilingoja alie... hakulia!

Hatukuwa na kitambaa kikavu. Sista akapata shuka la kumfunika Mwape, na mimi nikavua kile kitenge, nikakisuuza tope, nikakikamua, nikamfunga nacho mjukuu wangu. Tulimzika nacho.

Mwape alipona, lakini hakupata mimba tena. Wazee wa Ilunga walikuja kuomba radhi, na Ilunga aliketi nje ya lango siku nzima akilia bila kuingia. Sikumfukuza, na sikumwita. Wengi walimshauri Mwape amwache. Alikataa, akasema kosa walilifanya wawili. Wakahamia Kolwezi. Kamioneti ilikaa uani ikaota kutu, mwisho nikaiuza kwa kilo. Ndiyo nikaanza mandazi.

Ilunga nilimchukia mwaka mzima, halafu chuki ikachoka kama mimi. Kinachoniuma mpaka leo ni Mwape. Mkwe ni mtoto wa watu, lakini huyu nilimzaa! Angeniambia tu kwamba wana shida, nisingewapa? Ningewanyima nini mimi?

Wazazi wenzangu, nawasihi. Ukwe ni heshima na sisemi uachwe. Lakini gari halijui ukwe! Kama huwezi kumsimamia fundi kwa sababu ya haya, mtafute fundi mwingine, hata kama mkwe atanuna. Na fundi yeyote akikubadilishia kitu, dai kile cha zamani mkononi mwako, ukione, ukishike. Afadhali uitwe mama mchokozi. Mimi nilipenda kuitwa mkwe mwema, na tazameni nilipo.

Chakula cha kumwingiza Ilunga sikukipika. Vyungu nilivyoviandaa vipo juu ya kabati. Kila mwisho wa mwaka anatuma salamu kupitia kwa Mwape, nami nazijibu kupitia kwa Mwape. Tangu nimemfahamu, neno nililomwambia kwa kinywa changu ni moja tu, nalo ni sukuma.