Picha za Mche Mmoja

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kuosha vyombo na kufagia sebule, Kidoti alifuatana na dada yake kwenda chuo kikuu. Kidoti alikuwa darasa la sita, na jina hilo alilipata kwa sababu ya alama ndogo nyeusi shavuni mwake. Dada yake alikuwa mwaka wa tatu, tena mwenyekiti wa Chama cha Sayansi ya Data. Nyumbani walimtania kwamba ni mwenyekiti asiye na kiti, maana ofisi ya chama ilikuwa chumba kidogo ghorofani ambamo aliyewahi kufika ndiye aliyeketi.

Katibu wa chama alikuwa kijana mrefu, mpole, ambaye mifuko yake haikukosa nyaya za chaji. Kila mtu alimwita Waya. Yeye na mwenyekiti walikuwa wakitengeneza programu ya simu ya kuwasaidia wakulima wa nyanya. Mkulima angepiga picha ya jani, na simu ingemwambia kama mche ni mzima au umeshikwa na ugonjwa wa madoa.

"Simu itajuaje?" Kidoti aliuliza.

"Kama wewe ulivyojifunza kumtambua paka," Waya alimjibu. "Uliwaona paka wengi, weusi kwa weupe, mpaka ukazoea. Kompyuta nayo tunaionesha majani mengi, mazima na yenye ugonjwa."

Kwa hiyo zilihitajika picha tele, na wanafunzi wa shule ya Kidoti waliombwa kusaidia. Dada alimpa Kidoti simu yake ya zamani, akamwelekeza kwenye bustani za bondeni.

"Piga majani yenye madoa. Bustani tofauti, miche tofauti. Na usiingie kwa mtu bila hodi."

Siku ya kwanza Kidoti alikwenda. Jua lilikuwa kali, bustani zenyewe zimeachana mbali, na wenye bustani wengine hawakuwepo. Alirudi nyumbani na picha chache tu, miguu ikimwaka moto. Kesho yake wenzake walimpitia wakacheze mpira wa pete. Kidoti akaitazama simu, akautazama mche wa nyanya uliokuwa nyuma ya jikoni kwao, kando ya ukuta uliopakwa chokaa. Majani yake yalikuwa yamejaa madoa. Akapiga picha upande huu, akapiga upande ule, akainama, akasimama, akageuza majani. Kabla wenzake hawajamaliza kunywa maji, kazi ya wiki nzima ilikuwa imekwisha.

Jumamosi Waya alizipitia picha harakaharaka. "Huyu ametupita wote," alisema. Dada akamshika bega kwa fahari. Kichwa cha Kidoti kikavimba kidogo, lakini siku nzima hakuwa na raha.

Siku ya maonyesho ya chuo ilipokaribia, viongozi waliamua kuijaribu programu kwanza kwenye shamba la kweli. Walikwenda kwa shangazi wa Kidoti na dada yake, ambaye maisha yake yote yalitegemea nyanya. Matuta yake yalipangana kando ya ukuta mrefu mweupe wa ghala. Waya akapiga picha ya jani la kwanza. Simu ikasema mche una ugonjwa. Jani la pili, ugonjwa. La tatu vilevile.

"Mbona mimi sioni doa?" shangazi aliuliza, akiligeuza jani.

"Huenda ndio unaanza, shangazi," dada alijibu. "Programu inawahi kuona."

"Ugonjwa huu naujua," shangazi alisema. " Uliwahi kunimalizia shamba zima. Ukiuchekea tu, umekwisha." Akainama, akang'oa mche wa kwanza, nyanya mbichi zikiwa bado zinaning'inia. Akang'oa na wa pili.

Kidoti aliutazama ukuta ule mweupe, akaukumbuka ule wa nyuma ya jikoni kwao. Akisema, dada yake angeaibika mbele ya watu. Akinyamaza, tuta lote lingelala chini. Shangazi alipoushika mche wa tatu, Kidoti akajikuta amemshika mkono.

"Using'oe, shangazi. Kosa ni langu."

"Kosa gani?" dada aliuliza.

"Sikwenda tena bustanini. Nilipiga mche mmoja tu, ule wa nyuma ya jikoni. Karibu kila picha niliyoleta ina ukuta mweupe kama huu."

Waya alielekeza simu kwenye ukuta mtupu, pasipo jani lolote, akapiga picha. Simu ikasema mche una ugonjwa.

"Basi ukuta nao tuupeleke kwa daktari," shangazi alisema, lakini hakucheka. Alianza kuokota nyanya mbichi zilizoanguka.

Kidoti alingoja kukaripiwa. Dada yake alikaa chini pale pale kwenye udongo. "Umekosea vibaya," alisema. "Lakini na sisi tumo. Tuliona picha nyingi tukafurahi, hatukuzikagua, kompyuta ikadhani ukuta mweupe ndio ugonjwa. Shangazi, nisamehe. Uliponiambia huoni doa, ilibidi nikusikilize."

Maonyesho yalifanyika bila programu ile, na dada mwenyewe ndiye aliyewaeleza wanachama sababu. Kidoti alimsaidia shangazi kupanda miche mipya palipong'olewa. Kisha, kila alasiri, aliteremka bondeni pamoja na Waya, akabisha hodi bustani moja baada ya nyingine. Wenzake walicheza bila yeye.

Programu ilipofundishwa upya, walirudi kwa shangazi pamoja na mhadhiri aliyekuwa mlezi wa chama. Safari hii simu ilisema miche ya ukutani ni mizima. Ilikosea kwenye jani moja lililochanika, na Waya akaihifadhi picha hiyo ili wairekebishe.

Mhadhiri alimwita Kidoti kando. "Mtu ukimdanganya, anaweza kukutilia shaka akakuuliza. Kompyuta haiulizi. Inaupokea uongo wako, kisha inakwenda kumwambia mtu asiyekujua, naye anang'oa nyanya zake. Ukichoka, sema umechoka. Picha chache za kweli tunaweza kuzifanyia kazi."

"Nimeelewa, mwalimu," Kidoti alisema.

"Kama mmemaliza kuongea," shangazi aliita kutoka matutani, "njooni na ndoo. Hii miche inataka maji, na simu yenu haimwagilii."