Gari la Ushindi Halirudi Nyuma

Katika kichochoro cha soko la asubuhi mjini Keelung, mvua ikinyesha kama kawaida yake, magari mawili yenye vipaza sauti yalikutana uso kwa uso, na hakuna lililotaka kurudi nyuma. Juu ya moja alisimama Diwani Lien Pei-shan, kizibao cha rangi ya waridi mwilini, jina lake limeandikwa mgongoni, akigombea awamu ya pili. Wiki zile alishapishana na magari ya wapinzani mpaka mdomo wake ukazoea. Basi akainama kwa adabu, akasema kile ambacho kila mgombea humwambia mwenzake njiani:

"Nakutakia ushindi kwa kura nyingi!"

Soko zima likaangua kicheko. Lile gari lilikuwa la maandazi ya mvuke.

Dereva wake, kijana mrefu mwenye aproni iliyojaa unga, akashika kipaza sauti chake. "Ahsante, Mheshimiwa! Nami nakutakia uuzike wote kabla ya saa sita mchana!"

Pei-shan akacheka hadi mwavuli ukamponyoka. Kijana, Weng Jun-hai kwa jina, ndiye aliyerudisha gari nyuma, ila moyo wa diwani ulishaondoka naye.

Tangu hapo simu haikulala.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimehudhuria harusi tatu na sijatafuna kitu. Kazi yangu kushika mikono tu!"

"Basi shuka chini. Nimekuwekea mawili ya moto."

"Mawili? Mtu mzima mimi!"

"La tatu nimelila nikikusubiri. Umechelewa mwenyewe."

Mapenzi yalikuwa yamekolea hasa. Kisha, siku chache kabla ya uchaguzi, gari la kampeni lilipita mbele ya nyumba ya kina Jun-hai, na Pei-shan akaliona bango la Diwani Jian, hasimu wake mkubwa, limefunika ukuta mzima. Wafuasi wake garini wakaanza kunong'onezana. Aibu ikamchoma.

"Ukuta ni wa mama," Jun-hai alijitetea kwenye simu. "Baba alipofariki, Jian alishinda nasi msibani mpaka tukazika. Mama akamwahidi ukuta. Neno la mama nilivunjeje?"

"Na mdomo wako ulikuwa wapi usiniambie?"

"Niliogopa utakasirika."

"Sasa nimekasirika mara mbili!"

Akakata. Kesho yake maandazi yalikuja ofisini; akaamuru yarudishwe, nayo yakarudi yangali ya moto. Njaa ilimuuma, lakini kiburi hakina tumbo.

Akashinda uchaguzi! Asubuhi iliyofuata akapanda gari kuwashukuru wapiga kura, fataki zikilipuka, wanawake wakimtupia maua. Aliinama mpaka kiuno kikamuuma, na kila alipoinuka macho yake yalimtafuta mtu mmoja. Chini ya bango la Jian alisimama mama yake Jun-hai, mikono kiunoni.

"Mheshimiwa! Ukuta nilimpa Jian, kura ni siri yangu. Ila mwanangu hali. Muuza chakula asiyekula, nani atanunua kwake?"

Gari likakata kona, likaingia kichochoro cha soko, na mbele yake likatokea gari la maandazi. Jun-hai alipomwona, akageuza shingo ili arudi nyuma, kama siku ile.

"Jun-hai, simama!" Pei-shan alipaza sauti. "Mzee Tu, rudisha gari."

Dereva wake akashtuka. "Gari la ushindi halirudi nyuma, binti yangu. Mkosi huo! Tena mbele ya watu wote?"

"Mbele ya watu wote. Aliyekosea ni mimi."

Gari likarudi polepole, fataki zikakoma. Jun-hai akashuka, akasimama kwenye mvua na kipaza sauti mkononi, akainama kama mgombea.

"Ndugu wananchi, mimi ni Weng Jun-hai. Sina bango, na ukuta mama ameshaugawa. Naomba kura moja tu, ya Lien Pei-shan. Awamu yangu ni ya maisha."

Machozi na mvua vilichanganyika usoni mwa diwani. Akainua maikrofoni, na soko zima likamsikia.

"Umepita bila kupingwa!"