Sentimita Tisa za Mazuti

«Kisima kiko kavu,» Kahongya alisema kwenye redio ya Motorola. «Narudia. Kisima kiko kavu.»

Chef Malachie, mkubwa wake, alijibu kutoka Butembo.

«Mulitosha mazuti yote?»

«Yote, Chef. Mapipa tisini na matano. Hakuna kitu.»

«Na ile kompyuta yako, inajuaka kuhesabu kweli?»

Kahongya alizima redio.

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, kwenye kizuizi cha kuingia Beni. Taarifa ya idara ya upelelezi ilikuwa fupi: vilipuzi vimefichwa ndani ya tangi la lori la mazuti, mafuta ya dizeli, vinapelekwa ghala la mafuta la uwanja wa ndege, Mavivi. Ndege ya abiria ingetua saa sita.

Zilibaki dakika tisini.

Kwa siku nne alikuwa amevaa ovaroli chafu katika depo moja ya Butembo, akijifanya mpimaji, akichovya fimbo ya kupimia katika kila lori la mafuta. Vipimo alivipeleka kwenye kompyuta. Programu ya kuchora alijifundisha mwenyewe, nyumbani Kipese, kijiji cha milimani, mwezi baada ya mwezi. Alichora tangi, akaliwekea uso wa mazuti unaopanda na kushuka, akauamuru utulie pale ambapo chini yake pana lita elfu kumi na tisa.

Uso ulitulia kwenye sentimita mia na hamsini.

Malori mawili yenye matangi pacha yalipakia kiasi hicho hicho. Kwenye lori la dereva Ézéchias, fimbo ilisema mia na hamsini. Kwenye lori la Asumani, mia hamsini na tisa. Basi kitu kilikuwa kimekaa ndani ya mazuti ya Asumani, kikiyasukuma juu.

Yeye na askari wa kizuizi walikuwa wameyahamishia mazuti yote kwenye mapipa. Hakukuwa na kitu.

Asumani, mwenye miaka thelathini kwenye usukani, alikuwa ameketi juu ya pipa, mikono ndani ya pingu.

«Ingénieur,» aliita. «Ulinipimia wapi?»

«Mbele ya depo, papa,» Kahongya alimjibu mzee yule.

«Kwenye mulima.»

Kahongya aliinua kichwa.

«Butembo yote ni mulima,» Asumani alisema, akielekeza kidevu kwenye lori lake. «Citerne ikijaa, tunaisimamishaka pua juu, jiwe nyuma ya mupira. Tundu ya kupimia iko kwa nyuma. Donc mazuti inakimbilia wapi? Inapanda mpaka Kipese?»

Kwa mikono yake miwili iliyofungwa alichukua chupa ya maji iliyokuwa nusu, akailaza, akainua upande mmoja kwa kidole. Maji yakakimbilia chini.

Uso wa Kahongya uliwaka. Alikuwa amechora tangi safi kabisa, juu ya sakafu tambarare ambayo Butembo haina.

Alifungua mchoro, akaliinamisha tangi. Skrini ikawa nyekundu: kosa. Alijaribu tena. Nyekundu. Betri ilibaki asilimia kumi na moja. Alipiga ngumi kwenye pipa.

«Pipa imekukosea nini?» Asumani aliuliza.

Kahongya alivuta pumzi. Aliliacha tangi lilivyo, akauinamisha uso wa mazuti.

Mia hamsini na tisa.

Asumani alikuwa msafi tangu mwanzo.

«Pole, papa.»

«Pole haifunguake pingu.»

Kahongya alizifungua. «Na Ézéchias? Alisimama kwenye mulima ule ule.»

«Huyo? Alisimamisha pua chini. Nilimucheka. Nani anasimamishaka citerne ya kujaa pua chini? Frein ikikatika, uko ndani ya soko.»

Pua chini.

Kahongya aligeuza mwinamo. Mia arobaini na moja. Lakini fimbo ilikuwa imesema mia na hamsini.

Sentimita tisa zilikuwa zimezikwa ndani ya mteremko, na aliyezizika alijua kazi yake.

Ézéchias alikuwa amepita kizuizini dakika ishirini zilizopita. Aliwapigia hata honi.

Kahongya aliwasha redio, na pikipiki yake ya TVS ikaruka barabarani.

«Chef, bafunge mulango ya Mavivi.»

«Juu ya kompyuta tena?»

«Ndiyo.»

«Hapana, Kahongya. Hapana mara ya pili.»

Alitukana kimoyomoyo, akaongeza mwendo.

Lori la Ézéchias lilikuwa la tatu kwenye foleni ya lango. Ézéchias alishusha kioo, akatabasamu.

«Mupimaji. Umenifuata mpaka huku?»

«Kuna kipimo nilikosa.»

Kahongya alipanda ngazi ya nyuma, akafungua kifuniko, akachovya fimbo. Ardhi ya Mavivi ilikuwa tambarare kama meza; mazuti peke yake yangesimama kwenye mia na hamsini.

Mia hamsini na tisa.

Injini ilinguruma. Lori lilichomoka kwenye foleni. Kahongya alitambaa juu ya tangi hadi kwenye kabini, akaingiza bastola dirishani.

«Kanyaga frein. Polepole.»

Lori lilisimama hatua kumi kutoka lango.

Saa sita kasorobo, askari walitoa sanduku la chuma ndani ya mazuti. Saa sita ndege ilitua. Abiria walishuka wakilalamikia joto.

«Kahongya,» redio iliita. «Rudia Butembo mara moja. Patron anataka kukupongeza.»

«Niko na kazi, Chef.»

«Kazi gani?»

«Mapipa tisini na matano.»

Alizima redio.

Kule kizuizini, Asumani alikuwa ameegesha lori lake upya, pua juu, na mpira wa pampu ulikuwa tayari ndani ya pipa la kwanza. Kahongya alivua koti, akatafuta jiwe, akaliweka nyuma ya gurudumu. Kisha akashika mpini wa pampu.