Majina Matatu ya Ghala la Mbegu

Kila siku baada ya masomo, Agatha alipitia ghala la mbegu pale Basotu kumngoja mama yake. Mama Agatha alisimamia wanawake tisa waliochambua mbegu za ngano. Walikaa chini na nyungo zao, wakapepeta na kutoa mbegu za magugu huku wakitaniana. Agatha aliwaamkia mmoja mmoja, kwa sababu ukimruka mmoja utasemwa wiki nzima.

Mwaka huo utani ulipungua. Ngano ilikosa soko, na wakulima wengi hawakununua mbegu. Jumatatu moja, Agatha alipokuwa akitafuta kalamu kwenye mkoba wa mama yake, alikuta karatasi imeandikwa "Wa kupunguzwa mwisho wa mwezi." Chini yake kulikuwa na majina matatu. La kwanza lilikuwa la Mama Loveness, mama wa rafiki yake.

Angeweza kuirudisha akanyamaza. Lakini siri kwa Agatha ilikuwa kama maji kwenye ungo. Kesho yake, kabla ya kengele ya asubuhi, Loveness alijua yote. Jioni Mama Loveness alijua, na ghala zima likajua.

Siku zilizofuata hakuna aliyecheka. Wanawake walipepeta kwa kinyongo.

"Nitoe magugu ya nini, na mimi mwenyewe naondolewa?" alisema Mama Loveness.

Alhamisi mnunuzi alirudisha magunia sita yaliyojaa magugu. Meneja, Mzee Sulle, alikuja jioni amekunja uso.

"Mbegu chafu ikitoka hapa tena, ghala linafungwa," alisema. "Mtakwenda nyumbani wote. Sasa niambieni, nani ametoa habari za ile karatasi?"

Macho yote yalimgeukia Justina, msichana aliyefagia ofisi, kwa kuwa ndiye aliyekaa na ufunguo wa ofisi karatasi hiyo ilikoandikwa.

"Mzee, mimi hata sijaiona," Justina alisema.

"Kesho usije."

Agatha alikuwa amesimama mlangoni na daftari zake. Alimwona Justina akikunja kanga yake polepole, machozi yakimtoka. Justina alikuwa akimtunza bibi yake mgonjwa, na hakuna asiyejua hivyo. Agatha aliona aibu. Alitamani kukimbia, lakini miguu ilimpeleka mbele ya meneja.

"Shikamoo, Mzee," alisema. "Ni mimi. Niliisoma kwenye mkoba wa mama, nikamwambia Loveness. Dada Justina hajui kitu."

Mama Agatha hakugomba. Aliketi chini, katikati ya wenzake.

"Mwanangu amekosa," alisema. "Hata mimi nimekosa. Siku nne nimewatazama usoni kama hakuna neno. Niliogopa. Nisameheni."

Mama Loveness aliweka ungo chini. "Ungetuambia tu, Mama Agatha. Kule kwetu Gitting ng'ombe wa nyumba zote tunachunga kwa zamu. Leo anatoka huyu, kesho yule, na hakuna anayeachwa peke yake. Na kazi hii tugawane siku. Kila mtu afanye siku nne badala ya sita, asiondolewe mtu."

"Chakula kitapungua nyumbani," mwingine alisema.

"Kitapungua kwa wote. Tutavumilia pamoja."

"Na mimi nihesabuni kwenye zamu," alisema Mama Agatha.

Mzee Sulle alihesabu siku kwa vidole. Mwishowe alikubali. Kisha alivua kofia yake na kumwomba Justina radhi mbele ya wote.

Jumamosi Agatha hakwenda kucheza. Alikaa karibu na mama yake, wakapepeta upya magunia yaliyorudishwa mpaka vidole vikamuuma.

"Mama, bado umekasirika?" aliuliza.

"Nilikasirika. Mkoba wa mtu haufunguliwi bila ruhusa, na jambo ambalo si lako halitangazwi. Hilo ulishike." Mama alipuliza makapi. "Lakini ulipokubali kosa, Justina alirudi kazini. Mimi ningesema ukweli siku ya kwanza, haya magunia yasingerudi. Ukificha kosa lako, mwenzako ndiye anayeumia."

Jumatatu ilikuwa siku ya kwanza ya zamu. Mama Agatha alibaki nyumbani, na asubuhi hiyo walikunywa uji bila sukari. Agatha alimaliza wake wote, akaosha kikombe, akaenda shule.