Dada Yangu Alinitafsiria kwa Wazungu wa Makumbusho

Nina miaka thelathini na saba. Ni mjane, mama wa binti mmoja, na ninafinyanga vyungu hapa Kipushi. Ninayotaka kuwasimulia yalinipata Elisabethville, mume wangu akiwa angali hai. Aliyenitenda si jirani, wala si adui. Ni dada yangu wa tumbo moja.

Tafadhali, msinitafutie maneno ya kunituliza. Nimekwisha kuambiwa na padri, na wajomba, na wanawake wa kisimani kwamba damu ni damu. Najua. Ndiyo maana inauma.

Mama yetu alikuwa mfinyanzi kutoka kaskazini, upande wa Lualaba. Baba alipopata kazi ya reli tulishuka wote hadi Elisabethville, tukakaa mtaa wa Kamalondo. Tulizaliwa wasichana wawili tu. Mkubwa, Melania, alipelekwa kwa masista, akajifunza Kifaransa, kushona na kupiga pasi. Mimi, Veronika, nilibaki uani na mama, mikono kwenye udongo. Mama alinifundisha kuuchagua, kuuponda, kuuviringisha na kuupandisha juu duara kwa duara, kulainisha kwa jiwe la mtoni, na kupitisha gunzi la mahindi shingoni mwa chungu ili kiwe na alama zake.

Mama alipofariki, nilimwona Melania kama ndiye mama. Nilimwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu, na neno lake kwangu lilikuwa sheria. Aliolewa na karani wa ofisi ya serikali, akavaa viatu kila siku. Akinitembelea alisimama mlangoni akishika sketi yake isiguse udongo. Sikuchukia. Nilijivunia kuwa na dada wa namna ile... Ningejuaje?

Mume wangu, Ngoi, alifanya kazi kwenye karakana ya reli. Siku moja behewa la mizigo lilimponda mguu. Hospitali walimshona, lakini mguu haukurudi kuwa mguu. Kazi ikaisha. Na wakati ule, wasomaji wenzangu, mtu mweusi asiye na kazi hakuwa na ruhusa ya kukaa mjini. Tuliambiwa kwamba kiangazi kikiisha, turudi kijijini kwa Ngoi. Kijiji ambacho hata yeye alikiacha akiwa mgongoni mwa mama yake! Tungelima nini na mguu mmoja?

Ni katika hofu hiyo ndipo Madame alipotokea.

Madame alikuwa mwanamke wa Kibelgiji, mwembamba, mwenye kofia ya majani, na ndiye aliyesimamia wanachama wa jumba la makumbusho. Wanachama walikuwa wazungu wa mji wenye kadi. Kila kiangazi waliandaliwa alasiri za kazi za mikono: juma hili msuka rafia, juma lijalo mchonga pembe, kisha mfua shaba. Walikaa kwenye viti uani, wakanywa limonadi, wakatazama. Sisi tulipita mlango wa nyuma. Hatukuwa wageni wala wanachama. Tulikuwa vitu vya kutazamwa, ila vitu vinavyopumua.

Aliona vyungu vyangu sokoni Kamalondo. Aliinama, akakigeuza kimoja, akapitisha kidole kwenye alama za gunzi, akaanza kuniuliza maneno mengi. Sikuelewa hata moja. Nilijua bonjour, merci, na maneno machache ya zahanati. Basi nikamwachia jirani meza yangu, nikakimbia kwa yaya. Nilikimbia kwa miguu yangu mwenyewe kumwita nyoka aje nyumbani.

Yaya alikuja, wakasemezana na Madame, wakacheka. Kisha akanigeukia.

"Banakuita ku musée, kule makumbusho," akaniambia. "Utafanya byungu mbele ya bazungu. Na kama Madame anafurahi, kiangazi ingine batajenga atelier ya kufanyia kazi na nyumba nyuma yake, ya mufinyanzi na bwana yake."

"Na ruhusa ya kukaa?"

"Muntu wa musée iko na kazi tangu leo, Vero. Mwenye kazi, nani atamufukuza?"

Nililia palepale sokoni. Nilipofika nyumbani Ngoi alijaribu kusimama bila fimbo kwa furaha, akaanguka kitandani, tukacheka kama watoto.

Alasiri ya kwanza ilifika. Niliketi chini juu ya gunia, yaya akasimama kando yangu akiwa amevaa gauni jeupe. Wanachama walikuwa wengi, na watoto wao. Nilianza kuviringisha udongo, wakasogeza viti karibu. Kisha wakauliza maswali. Nani alikufundisha? Hizi alama maana yake nini? Unajuaje moto umetosha? Yaya aliniuliza kwa Kiswahili, nikajibu kwa Kiswahili, naye akawajibu kwa Kifaransa.

Nilishangaa jambo moja. Jibu langu likiwa fupi, lake lilikuwa refu. Nikisema, "Mama alinifundisha," yeye alisema muda mrefu, mikono ikichora hewani, na wale wanawake wenye kofia walimtazama yeye, si mimi. Nikajiambia Kifaransa ndivyo kilivyo, kina maneno mengi.

Alasiri zilizofuata aliniomba nimwonyeshe namna ya kushika jiwe la kulainishia, "ili bazungu baone na miye ni mutoto wa mama." Nikamwonyesha. Kwa nini nimnyime? Akawa anakaa kwenye kigoda, anapapasa chungu nilichokwisha kukimaliza mimi, mtu wa picha anampiga picha. Mimi aliniagiza kuni.

Siku ya mwisho tulichoma vyungu uani. Havikupasuka hata kimoja. Nilivitoa majivuni vikiwa vyekundu kama ngozi ya mtoto mchanga, na wanachama wakainuka kwenye viti vyao. Ndipo Madame akapanda ngazi ya baraza na kutangaza alasiri za kiangazi kijacho. Alitaja rafia, alitaja shaba, nilielewa kwa kuwa alinyooshea vitu vyenyewe kidole. Kisha akainua chungu changu, akasema maneno, na wote wakapiga makofi.

Na mimi nilipiga makofi. Nilipiga kuliko wote, mikono yangu ikitoa vumbi la majivu. Niliamini nyumba ni yetu.

Nje, kwenye mlango wa nyuma, alinisubiri Tata Faustin, shofere wa Madame. Ni mzee aliyemwendesha Madame miaka mingi na Kifaransa alikijua vizuri. Aliniuliza kwa upole, "Mama, ulikuwa unapigia nani makofi?"

Nikamwambia, nimepigia nyumba yangu.

Akatazama chini. "Madame anasema kiangazi kinakuya, Mélanie njo atafundisha ufinyanzi mu atelier ya mupya. Mélanie na bwana yake batakaa mu ile nyumba. Weye alikutaja mutumishi wa Mélanie. Tangu siku ya kwanza yaya yako anabaambia vile. Anasema mama yenu alimufundisha yeye, na yeye anakufundisha weye. Minaogopa kukuambia, lakini namna gani minaweza kunyamaza?"

Nilimwachia gunia langu mkononi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa yaya, na majivu yangu. Mumewe alikuwa barazani anasoma gazeti, akaingia ndani aliponiona. Huyo naye alijua. Alikuwa akiitafuta ile kadi wanayopewa weusi waliostaarabika, na mke anayepigiwa makofi na wazungu wa makumbusho ni ngazi nzuri ya kupandia.

Yaya hakukataa. Hilo ndilo lililonivunja. Nilitaka akatae.

"Weye utafanya nini na nyumba ya musée?" akaniuliza. "Madame akikuya kukusalimia, utamujibu nini? Utamuchekea?"

"Ngoi batamufukuza, yaya. Tutaenda wapi na mutoto?"

"Mama alikupatia mikono. Miye alinitupa kwa masista, nalala kwa bantu sibajue, nalia. Weye ulibaki pa magoti yake. Ulikula yote, Vero. Sasa na miye ninakula."

Basi kumbe miaka yote ile alikuwa akinihesabia magoti ya mama! Nilimwambia kwamba nilimwonea wivu yeye kwa kusoma. Akacheka kidogo, akafunga mlango.

Asubuhi ya siku ya kazi iliyofuata nilikwenda makumbusho peke yangu. Madame alinipokea ofisini kwake kwa tabasamu. Nilijipiga kifua. Nilionyesha mikono yangu, nikaonyesha vyungu, nikasema "mimi, mimi". Nikasema "Melania, hapana". Hakuelewa. Tata Faustin alikuwa mlangoni na kofia yake mkononi. Nilimtazama. Angeweza kusema... Lakini alikuwa na watoto wengi na kazi moja, na midomo yake haikufunguka. Madame akamwambia kitu, naye mzee akaondoka na gari.

Alirudi na yaya.

Hebu fikirini. Nimekuja kumshitaki mtu, na mkalimani wa mashitaka ni huyohuyo mtu.

Lakini sikuwa na njia nyingine. Nilisema yote, nikimtazama Madame machoni. Nikasema huyu ananiibia kazi, hajawahi kuchoma hata kikombe. Nikasema mpe udongo sasa hivi, hapa mezani, tuone. Nikasema mume wangu amevunjika mguu na tunafukuzwa mjini. Yaya alinisikiliza hadi mwisho, kichwa upande, kama mtu anayesikiliza mgonjwa. Kisha akatafsiri kwa sauti laini.

Katika maneno yake nililijua moja tu. *Malade*, mgonjwa. Nililijua kwa sababu ya zahanati. Alilisema huku akigusa kichwa chake, halafu akanishika bega kwa huruma.

Macho ya Madame yakajaa machozi. Aliondoka mezani, akaniletea kipande cha kitambaa cha maua na mche wa sabuni, akaniwekea mikononi, akanipapasa shavu kama unavyompapasa mtoto. Nilivitupa vyote sakafuni. Na hapo, wasomaji wenzangu, nikawa nimethibitisha mwenyewe kwamba nina wazimu. Askari wa mlangoni alinitoa kwa mkono.

Kiangazi kilipoisha tuliondolewa Kamalondo. Binamu ya Ngoi, mchimbaji wa hapa Kipushi, alitupokea katika chumba chake kabla hawajatupakia treni ya kaskazini, akamwombea Ngoi kazi ya kulinda ghala. Kazi ya kusimama, kwa mtu wa mguu ule! Alisimama hadi masika. Jeraha likafunguka, likanuka, na baada ya Pasaka nikamzika. Hakuwahi kumlaani Melania. Mimi nilimlaani kwa niaba yake.

Na yaya? Mnadhani aliumbuka? Mnadhani vyungu vilipasuka mbele ya wanachama na uongo ukajulikana? Hapana. Alimpata bibi mmoja maskini wa njia ya Kipushi, akamketisha nyuma ya atelier, bibi akafinyanga, yaya akapigwa picha. Kiangazi baada ya kiangazi. Mumewe alipata kadi yake. Watoto wao walivaa soksi.

Mimi niliuzia wake za wachimbaji vyungu vya maji na vya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Na nilijifunza Kifaransa. Niliketi misheni kwenye benchi moja na watoto, magoti yakigusa kidevu, nikirudia baada ya sista. Watu walinicheka. Nilikuwa na sentensi moja tu niliyotaka kuifikia, nikajifunza lugha nzima kwa ajili yake: Madame, mfinyanzi ni mimi, na sikuwa mgonjwa.

Siku nilipoiweza vizuri nilipanda lori hadi Elisabethville, nikaingia makumbusho kwa mlango wa mbele. Alikuwepo bwana kijana nisiyemjua. Nikamsalimu kwa Kifaransa, nikamwomba Madame. Akasema Madame na mumewe walirudi Ulaya zamani, na alasiri za ufinyanzi zimefutwa, sasa wanachama wanapenda zaidi kuchora. Akanitazama toka juu hadi chini, akaniuliza kama natafuta kazi ya kufagia.

Sentensi yangu ilibaki mdomoni. Nilirudi nayo Kipushi.

Mwaka jana yaya aliugua tumbo, akaniita. Nilikwenda. Alikuwa amebaki mifupa, kwenye kitanda kizuri. Watoto wake walitoka chumbani.

"Mudogo," akasema, "nilikutafsiria mubaya."

"Apana, yaya. Ulitafsiri muzuri sana. Ulitafsiri ile ulitaka weye."

Alingoja niseme neno lingine. Nililijua neno alilolitaka. Nilikuwa nalo kwa lugha mbili. Sikulisema.

Alipokufa nilimwosha, kwa kuwa hakubaki mwanamke mwingine wa tumbo letu. Nilimwosha vizuri, kwa maji ya moto, nikamvika gauni jeupe alilolichagua mwenyewe. Padri ananiambia kumwosha ni kusamehe. Mimi nafikiri kumwosha ni kumwosha. Asiyenielewa asinielewe.

Sasa nawasihi, hasa ninyi wanawake wenye kazi mikononi na lugha moja mdomoni. Mkiitwa mbele ya wakubwa, msifurahi kabla hamjaelewa mnachopigia makofi. Msimpe mtu mwingine mdomo wenu, hata akiwa wa tumbo moja nanyi. Huenda ni mwema, huenda si mwema. Mtajuaje, kama hamsikii anachosema? Jifunzeni maneno ya watu mnaowafanyia kazi, hata kama mtachekwa, hata kama benchi ni la watoto. Mimi nilichelewa, nikamzika mume wangu, na niliyetaka kumwambia ukweli akawa ameshavuka bahari. Ninyi msichelewe.