Bi Sumaku na Fundi Miwani

Stendi ilikuwa imefurika watu. Kwenye meza ya fundi miwani, dada mmoja mwenye blauzi ya bluu alichukua miwani ya jua, akaiweka mbele ya skrini ya simu, akaizungusha taratibu mpaka skrini ikawa giza.

"Dada, miwani huvaliwa machoni!" fundi akamtania.

"Naipima kama ni ya kweli; ya bandia haizimi skrini. Kupima ndiyo kazi yangu."

"Kupima miwani?"

Akacheka. Kumbe alikuwa mwanafizikia, mpimaji wa sumaku ndani ya mtambo wenye gesi yenye joto kuliko jua.

"Humo huingizi kifaa, kitayeyuka. Unapitisha mwanga, ukitokea upande wa pili unatazama umegeuka kiasi gani. Hapo unajua sumaku ya ndani imekaaje."

"Makubwa! Basi wewe ni Bi Sumaku, na mimi nimeshanasa."

Penzi likanoga kweli. Lakini Bi Sumaku alizoea upweke: mchana kutwa mtamboni, simu imefungiwa nje, jioni chumba kimya na chakula cha mtu mmoja. Kisha simu za fundi zikaanza kuwa fupi.

"Umefika, mpenzi?"

"Nimefika. Mbona unanong'ona?"

"Basi tu. Lala salama."

Bi Sumaku akaanza kupima. Juzi aliniita mpenzi, jana jina tu, leo hata jina hakuna. Sauti ya chini, haraka haraka: ana mwingine huyu! Kuuliza si ujinga, lakini yeye roho ilimuuma, akanuna, akaacha kabisa kupokea simu zake. Usiku alilala akiikumbatia mito.

Siku alipopokea, fundi alisema, "Nahamia mji mwingine kesho. Nimeona nikuage."

"Na huyo wako unayemnong'oneza?"

"Wangu nani? Nilikuwa wodini, namuuguza mama. Tumeshamzika."

Bi Sumaku akakaa sakafuni.

"Mungu wangu! Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kukwambia, ukawa hupokei. Na ulipokuwa unapokea, hukuniuliza hata mara moja nina nini. Mimi si mtambo, mpenzi. Ungeniuliza, ningekujibu."

Bi Sumaku akalia waziwazi, bila aibu. "Pole, jamani. Pole sana. Nisamehe. Nije sasa hivi nikae na wewe?"



"Nakupenda," fundi alisema kwa upole. "Lakini msiba nimeshaumaliza peke yangu."